Kazi ya Muda Kampasini: Maswali Ambayo Wanafunzi Huniuliza Kila Muhula

Nilifanya kazi kwenye dawati la maktaba nikiwa mwanafunzi, na baadaye nikakabidhiwa kupanga zamu za wanafunzi wenzangu. Nimewahi kuomba, na nimewahi kuombwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayonirudia zaidi, na nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu.

Kazi ya muda ya kampasini ni ipi hasa?

Ni kazi ya malipo ndani ya chuo, iliyopangwa kwa saa chache ili mwanafunzi aimudu pamoja na vipindi vyake. Mwajiri huwa ni chuo chenyewe, idara fulani, mradi wa utafiti, au kampuni iliyopewa zabuni ya kutoa huduma kampasini.

Wengi wakisikia hivyo hufikiria maktaba peke yake. Maktaba ni sehemu ndogo tu. Kuna dawati la msaada wa kompyuta, mapokezi ya idara, duka la vitabu, mgahawa, mabweni, uwanja wa michezo, ukumbi wa mikutano unaohitaji mtu wa kufunga vipaza sauti na projekta. Kuna maabara ambazo kabla ya kila kipindi cha vitendo zinahitaji mtu wa kuosha vyombo vya kioo, kuvipanga na kuhesabu vifaa. Kuna kufundisha wenzako wa mwaka wa kwanza somo ulilolifaulu, kuandika notisi kwa niaba ya mwanafunzi asiyeweza kuandika mwenyewe, kuingiza data za utafiti, na kunakili mahojiano yaliyorekodiwa. Kazi hizi za mwisho hazionekani kwa macho, ndiyo maana waombaji wake ni wachache.

Sina uzoefu wowote. Kuna atakayenichukua?

Ndiyo. Anayeajiri wanafunzi anajua anaajiri wanafunzi. Hategemei kukuta miaka mitano ya kazi kwenye wasifu wa mtu wa mwaka wa kwanza.

Ila usiandike “sina uzoefu” na kuachia hapo. Kama uliwahi kutunza fedha za kikundi, kuwa kiranja, kuuza dukani kwa ndugu, kufundisha watoto wa jirani, kupanga ratiba ya kwaya au ya timu, hiyo ni kazi. Iandike kwa tendo na kiasi: ulisimamia watu wangapi, kwa muda gani, kitu gani kilikuwa mikononi mwako. “Nilitunza daftari la michango ya watu 40 kwa mwaka mmoja” ni sentensi inayomfanya msimamizi ainue kichwa. “Mimi ni mchapakazi na mwaminifu” imeandikwa katika kila barua aliyoisoma wiki hiyo.

Ukurasa mmoja unatosha. Hakikisha namba ya simu ni sahihi. Nimewahi kumtafuta mwombaji mzuri siku mbili nzima, namba haipatikani, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Wanaoajiri wanaangalia nini kwanza?

Ratiba yako. Kama utasahau yote niliyoandika hapa, baki na hili.

Msimamizi anayetafuta mwanafunzi ana jedwali mbele yake, na ndani ya jedwali hilo kuna mapengo. Jumatatu asubuhi hakuna mtu wa kufungua. Jumatano mchana wote wana kipindi kimoja cha lazima. Jumamosi hakuna anayetaka. Wakati wa chakula cha mchana dawati linabaki tupu, na hapo ndipo wateja hujaa kwa sababu nao wako huru. Kinachomsumbua ni pengo lile, na mtu anayeliziba anapata kazi hata kama wasifu wake ni mwembamba.

Nikiwa mwaka wa kwanza niliomba kazi katika ofisi tatu nikapeleka barua nzuri, ndefu, yenye sifa zangu zote. Hazikujibiwa. Ya nne niliipeleka na karatasi moja ya ziada: jedwali la wiki, vipindi vyangu nimevitia kivuli, na saa nilizo huru nimeziandika wazi, pamoja na maneno “naweza kufungua saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa”. Aliyeipokea aliitazama ile karatasi kabla ya barua. Akaniuliza kitu kimoja tu: “Asubuhi hizo ni za kweli?” Nikasema ndiyo. Nilianza wiki iliyofuata.

Miaka michache baadaye, nilipokuwa mimi ndiye napanga zamu, nikaelewa kwa nini. Mwombaji anayesema “niko huru muda wowote” ananipa kazi ya kumhoji tena, na mara nyingi si kweli. Anayeniletea saa kamili amenipunguzia mzigo kabla hajaanza. Kwa hiyo andaa jedwali hilo. Tia vipindi, vitendo, semina, ibada, na muda wa kutembea kutoka jengo moja hadi jingine. Halafu toa saa ambazo wengine hukwepa: asubuhi na mapema, jioni ya kufunga, mwisho wa wiki. Usitoe saa usizoziweza. Mtu aliyeahidi asubuhi akawa anachelewa hujulikana ndani ya wiki mbili.

Jambo dogo linalohusiana na hili: ofisi nyingi hazina haja na mtu mwenye dakika 50 kati ya vipindi viwili. Zamu hupangwa kwa saa mbili, tatu au nne mfululizo. Ukiwa bado unachagua makundi ya semina, jaribu kuyabananisha ili ubaki na vipande virefu vya muda. Waliofanya hivyo mwanzoni mwa muhula huwa wameshashinda nusu ya safari.

Nafasi hizi zinatangazwa wapi? Sioni matangazo.

Baadhi hutangazwa: kwenye tovuti ya chuo, kwenye ofisi ya ajira na ushauri wa taaluma, kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kwenye mbao za matangazo za idara. Pitia sehemu hizo kila wiki.

Nyingi hazitangazwi. Mwanafunzi anayemaliza huulizwa “unamjua mtu?”, naye humtaja rafiki yake wa chumba kimoja. Hilo haliwapendezi wengi, lakini usikate tamaa kwa sababu ya hilo. Ingia ndani ya mazungumzo hayo. Waulize wanafunzi unaowaona wakifanya kazi: nani anawapangia zamu, na nani anamaliza mwaka huu. Kisha mwendee huyo msimamizi ana kwa ana, si saa ambayo foleni ni ndefu. Jitambulishe kwa dakika moja, acha wasifu na jedwali lako, uliza lini atajua mahitaji ya muhula ujao. Rudi siku aliyoitaja.

Pita pia kwenye ofisi ambazo hakuna anayezifikiria: masjala, kitengo cha mali na vifaa, kitengo cha uchapaji, bustani, jumba la makumbusho kama chuo kinalo, kituo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Niombe lini?

Wiki tatu au nne kabla muhula haujafunguliwa ndio wakati mzuri, kwa sababu zamu zinachorwa kipindi hicho. Wiki ya kwanza ya vipindi ndiyo mbaya zaidi. Kila mtu anaomba, na msimamizi anazima moto.

Kuna dirisha la pili ambalo wachache hulijua. Karibu na majaribio ya kwanza ya darasani, baadhi ya walioajiriwa hugundua hawawezi, wakaacha. Mapengo yanafunguka ghafla na hakuna muda wa kutangaza. Ukiwa umeshaacha jina lako, utaitwa. Dirisha la tatu ni mwisho wa mwaka wa masomo, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapokabidhi funguo.

Nataka kufanya kazi na mhadhiri kwenye utafiti wake. Nimwandikie vipi?

Soma kwanza anachokifanya. Angalau makala yake moja, hata kama utaelewa utangulizi na hitimisho tu. Halafu mwandikie barua pepe fupi kutoka anwani yako ya chuo. Mfano:

“Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika shahada ya sosholojia, na nilisoma kozi yako ya mbinu za utafiti muhula uliopita. Nimesoma makala yako kuhusu uhamiaji wa vijana kwenda mijini, na nimevutiwa na jinsi ulivyotumia mahojiano ya familia nzima. Naandika kuuliza kama mradi wako una haja ya msaidizi wa kunakili mahojiano au kuingiza data. Ninao ujuzi wa programu ya majedwali, na niko huru Jumanne na Alhamisi mchana, saa 8 kwa wiki. Nimeambatanisha wasifu na ratiba yangu. Ahsante kwa muda wako.”

Hakuna sifa za kumpamba, na hakuna hadithi ya shida za nyumbani. Kuna kazi mbili mahususi unazoweza, na saa zako. Asipojibu kwa siku kumi, mkumbushe mara moja kwa heshima, au mwendee saa zake za kuonana na wanafunzi. Akinyamaza tena, nenda kwa mwingine. Wahadhiri wengi hawana fedha za kumlipa msaidizi isipokuwa wakipata ruzuku, kwa hiyo kunyamaza kwake mara nyingi hakukuhusu wewe.

Ukikubaliwa kunakili mahojiano, jua unachokubali. Saa moja ya sauti humchukua mtu mzoefu takribani saa nne kuiandika, na zaidi kama wazungumzaji wanaingiliana au kuna kelele. Ukilipwa kwa saa ya sauti badala ya saa ya kazi yako, gawanya malipo hayo kwa nne kabla ya kusema ndiyo.

Usaili ukoje?

Mara nyingi ni mazungumzo ya dakika 15. Utaulizwa kwa nini unataka kazi hii, utafanya nini mteja akikukasirikia, na utafanya nini zamu ikigongana na mtihani. Swali la tatu ndilo la mtego, na jibu zuri ni kwamba utatoa taarifa mapema mara ratiba ya mitihani ikitoka na utamtafuta mwenzako wa kubadilishana naye. Usijibu kwamba kazi itatangulia mtihani. Msimamizi mwenye akili hapendi kusikia hivyo. Anajua ukifeli atakupoteza.

Sehemu nyingine wana jaribio dogo. Dawati la kompyuta wanaweza kukuuliza ungemsaidiaje mtu ambaye printa haitoi karatasi, wakitaka kusikia unaanza na mambo mepesi: imewashwa, ina karatasi, imeunganishwa. Ofisi itakupa barua ya kuchapa au majina ya kupanga kwa alfabeti.

Maktaba wanaweza kukupa mlolongo wa namba za vitabu uzipange, na hapo waombaji wazuri huanguka kwa jambo ambalo lingefundishika kwa dakika tano. Mfumo wa Dewey, uliobuniwa na Melvil Dewey na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, hupanga maarifa yote katika madaraja kumi, kutoka 000 hadi 999, na baada ya nukta huja desimali. Kitabu chenye 338.19 hukaa kabla ya 338.2. Wengi huvigeuza kwa sababu wanaona 19 ni kubwa kuliko 2. Baada ya nukta usisome namba nzima; soma tarakimu moja moja, na 1 hutangulia 2. Katika mfumo wa Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumiwa na vyuo vikuu vingi vikubwa, herufi hutangulia, kisha namba ya kwanza husomwa nzima nzima, kwa hiyo QA76 hukaa kabla ya QA276. Lakini sehemu ya herufi na namba inayofuata baada ya nukta ni desimali tena, hivyo .B35 hutangulia .B4. Jizoeze kwa nusu saa mbele ya rafu za chuo chako na utaingia kwenye usaili ukijua zaidi ya wenzako wote.

Nakiri kwamba napenda kazi ya rafu kuliko nyingine. Kitabu kilichorudishwa mahali pasipo pake kimepotea, hata kama kiko ndani ya jengo. Anayekiweka sawa anamtendea wema mtu asiyemjua.

Nifanye saa ngapi kwa wiki?

Piga hesabu ya masomo kwanza. Vyuo vingi huchukulia kwamba kila saa moja ya darasani inahitaji saa mbili za kujisomea. Mwenye vipindi vya saa 15 kwa wiki ana mzigo wa saa 45 tayari, sawa na mwajiriwa wa kutwa nzima. Ongeza saa 20 za kazi, unafika 65. Bado hujala, hujafua, hujalala, hujampigia mama simu.

Kwa maoni yangu, muhula wa kwanza usizidi saa 8 hadi 10. Ukiona matokeo yako yamesimama vizuri, panda hadi 12 au 15. Saa 20 naziona kuwa dari, na si dari ya kugusa kila wiki. Kuna watu ambao hawana hiari. Ada na pango havingoji. Kama wewe ni mmoja wao, pendelea kazi zenye ukimya ndani yake, kama dawati la usiku la bweni au chumba cha kompyuta, ambako msimamizi anakuruhusu kusoma pasipokuwa na mteja. Uliza hilo waziwazi kabla ya kusaini. Na nenda kwenye ofisi ya misaada ya wanafunzi hata kama umeshapata kazi, kwa sababu mifuko ya dharura na punguzo la ada hupewa walioomba.

Malipo yakoje, na niulize nini kabla ya kukubali?

Si mengi. Saa 12 kwa wiki kwa muhula wa wiki 15 ni saa 180. Zidisha kwa malipo ya saa moja ujue kwa uhakika kitakachoingia, ili usipange matumizi kwa ndoto.

Uliza haya kabla hujaanza: nalipwa kwa saa, kwa zamu, au posho ya mwezi? Tarehe gani? Muda wa mafunzo unalipwa? Kuna makato gani? Wiki ya mitihani na likizo ofisi inafungwa, na je, nitalipwa? Nani anasaini karatasi ya mahudhurio? Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Malipo ya wanafunzi hukwama kwa sababu karatasi ya saa ilikosa saini na mwenye kusaini amesafiri. Weka nakala yako ya saa ulizofanya, kwa tarehe, kwenye daftari au simu. Nimeona madai yakikubaliwa kwa siku moja kwa sababu mwanafunzi alikuja na daftari, na nimeona mengine yakiburuzwa muhula mzima kwa sababu ya “nadhani nilifanya”.

Nikiambiwa nianze wakati mkataba bado, nifanyeje?

Omba barua, hata iwe barua pepe ya mistari mitatu inayotaja kazi, saa, malipo na tarehe ya kuanza.

Mimi ni mwanafunzi wa kigeni. Naruhusiwa kufanya kazi?

Inategemea viza, na hapa kosa dogo linaweza kukugharimu masomo yote. Marekani, mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya kampasi hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na muda kamili wakati wa likizo. Kufanya kazi nje ya kampasi kunahitaji kibali cha peke yake. Uingereza, wanafunzi wengi wa shahada wana kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki hiyo huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Saa za kazi mbili tofauti hujumlishwa. Mtu akifanya saa 12 maktaba na 10 mgahawani, amevunja masharti hata kama kila mwajiri anaona yuko sawa.

Australia iliweka kikomo cha saa 48 kwa kila wiki mbili kuanzia Julai 2023. Kanada, tangu Novemba 2024, inaruhusu saa 24 kwa wiki nje ya kampasi wakati wa masomo, huku kazi ya ndani ya kampasi ikiwa haina kikomo hicho kwa anayetimiza masharti. Ujerumani huhesabu siku: siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, kuanzia Machi 2024, na kazi za usaidizi wa kitaaluma chuoni hazikatwi kwenye hesabu hiyo. Ufaransa huhesabu saa 964 kwa mwaka.

Utaona mambo mawili. Kwanza, kazi ya ndani ya chuo mara nyingi hupewa nafuu kuliko ya nje, na hiyo ni sababu tosha ya kuitafuta kwanza. Pili, tarehe hizo ni za juzi. Sheria hizi hubadilika. Kabla ya kusaini chochote, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako na uwaonyeshe viza yako wakuthibitishie.

Marekani nasikia kuna kazi zilizoandikwa Federal Work-Study. Naweza kuziomba?

Huo ni mpango wa serikali ya shirikisho ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, ambapo serikali huchangia ujira wa mwanafunzi mwenye uhitaji wa kifedha. Anayestahili ni raia au mkazi wa kudumu na wachache wengine wanaotambuliwa na sheria, na huombwa kupitia FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa fedha za masomo. Mwenye viza ya F-1 hastahili. Lakini vyuo hivyohivyo huwa na kazi nyingine zinazolipwa na fedha za chuo, kwa hiyo unapoona tangazo soma sharti hilo kwanza, uombe zile zisizolitaja.

Nimetumiwa barua pepe ya kazi nzuri ya nyumbani, malipo makubwa, saa chache. Ni ya kweli?

Karibu kila mara si ya kweli, na nakusihi uichukulie kwa uzito, maana wanaonaswa ni wale wenye shida zaidi.

Mtindo wake unajulikana. Barua inajifanya imetoka kwa mhadhiri au ofisi ya chuo, wakati mwingine hata kutoka anwani halisi ya mwanafunzi aliyeibiwa nywila. Kazi inaitwa msaidizi binafsi. Hakuna usaili. Unatumiwa hundi, unaambiwa uiweke kwenye akaunti yako, ubaki na ujira wako, na sehemu inayobaki uitume kwa mtu fulani au ununue kadi za zawadi na kupiga picha namba zake. Benki inaweza kukuonyesha fedha zimeingia kabla haijathibitisha hundi. Siku kadhaa baadaye hundi inaonekana ni bandia, benki inachukua tena fedha zake, na zile ulizotuma zinakuwa zimetoka mfukoni mwako.

Namna nyingine ni kutakiwa ada ya usajili, ya fomu au ya mafunzo. Mwajiri wa kweli hakutozi ili akuajiri. Ukiwa na shaka, usijibu barua hiyo. Tembea hadi ofisi inayotajwa uwaulize. Kama umeshatuma kitu, piga simu benki sasa hivi, kisha uwaarifu usalama wa chuo. Usione aibu. Walionaswa ni wengi na wengine ni wanafunzi hodari sana.

Nikifanya kazi ofisini nitaona taarifa za wenzangu. Nifanyeje?

Usifungue faili ambalo hukutumwa. Alama za rafiki yako, anwani ya mtu, vitabu alivyoazima, kesi ya nidhamu: vyote si vyako, hata kama mfumo unakuruhusu kuviona. Mifumo mingi huweka kumbukumbu ya nani alifungua nini na saa ngapi. Rafiki akikuomba umchungulie matokeo, mwambie hapana siku ya kwanza; ya pili hatakuomba.

Zamu yangu imegongana na mtihani. Nimeshachelewa kusema.

Sema sasa. Mpigie msimamizi, usitume ujumbe mfupi usiku wa manane. Mweleze, kisha mtajie mtu uliyekwisha kuzungumza naye atakayekushikia zamu. Kumletea tatizo likiwa na suluhisho ni tofauti kubwa na kumletea tatizo tupu. Mara moja husamehewa. Ya tatu, msimamizi huanza kutazama ile orodha ya wanaosubiri.

Nimekataliwa mara nyingi. Nifanye nini tofauti?

Rudi kwenye jedwali lako. Saa ulizotoa ni zilezile ambazo kila mtu anazo? Jumanne hadi Alhamisi, saa nne hadi saa nane mchana, kila mwanafunzi anazitaka. Ongeza asubuhi moja au Jumamosi moja. Halafu muulize aliyekukataa, kwa upole, ni saa zipi alizokuwa amepungukiwa. Swali hilo hujibika kirahisi kuliko “kwa nini hukunichukua”, na jibu lake utalitumia kwenye ombi lijalo.

Unaweza pia kuomba kushika zamu za dharura tu, za siku ambayo mtu ameugua. Huo ni mlango mwembamba lakini hupitika. Wawili kati ya wasaidizi bora niliowahi kuwapangia zamu waliingia hivyo, wakaitwa mara tatu nne, na nafasi ilipopatikana sikuhitaji kumhoji mtu mwingine.

Nataka kuacha. Nitoeje taarifa?

Wiki mbili kabla, kwa maandishi, na usiache wiki ya mitihani ambapo hakuna wa kuziba nafasi. Andika ukurasa mmoja wa unachokifanya kila zamu: funguo ziko wapi, printa inakwama vipi, nani hupigiwa simu umeme ukikatika. Rudisha funguo mkononi mwa msimamizi na upate saini. Siku hiyohiyo mwombe akubali kuwa mdhamini wako kwa maombi yajayo, wakati bado anakumbuka uliwahi kumfungulia mlango saa moja na nusu asubuhi mvua ikinyesha. Na kama unamjua mwanafunzi mwenye asubuhi tupu, mpeleke.